Chumba Kilichomshinda Kuku

Nakumbuka siku moja, mwanangu Minza, na laiti binadamu angeruhusiwa kusahau siku moja tu ya maisha yake, mimi ningeichagua hiyo. Ilikuwa kiangazi, Rwamgasa, kwenye machimbo ya Geita, saa nne asubuhi. Mama mkwe wangu, bibi yako Mayu Holo, alisimama mlangoni kwangu na kuku kwapani, akakitazama kitanda kipya cha mtoto nilichokuwa nakisukumia chumba cha pili, kisha akasema maneno ambayo nitakuambia yakifika zamu yake. Siyaharakishi. Nimeyabeba miaka mingi, hayataniponyoka leo.

Jana umenitumia picha ya kitanda kwa simu. Kizuri, kina fito pembeni na magurudumu chini. Ukaniandikia kwamba mjukuu wangu ametimiza miezi tisa, mnataka aache kulala katikati yenu, na mtamweka kile chumba cha nyuma. Nikakupigia nikakuuliza, humo si ndimo mumeo anamoweka bomba la kupulizia pamba na makopo ya dawa? Ukacheka. "Mama nawe! Dawa tumeshatoa, tumefagia, na rangi tumepiga." Kicheko hicho, mwanangu, nakijua. Kilikuwa changu kabla hakijawa chako.

Kwa hiyo nisikilize. Mengine nimewahi kukusimulia, na mengine nilikudanganya. Leo nitayanyoosha.

Unajua kwamba usichana wangu niliumalizia Mwadui, nikilea mtoto katika nyumba ya fundi mmoja wa mgodini. Huko ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza mtoto mchanga ana chumba chake. Kitanda cheupe, chandarua chake, pazia lenye picha za bata, na mama yake amelala ng'ambo ya ukuta kama vile hajazaa. Mimi niliyelelewa juu ya ngozi ya ng'ombe, nimebanwa kati ya mama na dada zangu, na wakati wa masika hata ndama mgonjwa akiongezwa humohumo, niliona hayo ndiyo maendeleo. Nikaapa kimoyomoyo kwamba wangu naye atalala hivyo. Sikuitazama sakafu ya saruji ya nyumba ile, wala dirisha kubwa lililofunguliwa kila asubuhi. Nilitazama pazia.

Baba yako akanioa, tukahamia Rwamgasa. Alikuwa na hisa kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili. Kimoja tulilala. Cha pili alikifunga kwa kufuli, maana humo ndimo alimochomea dhahabu. Mchanga ukishasagwa na kuoshwa, unatiwa zebaki, ile inayoteleza kama maji lakini hailowanishi mkono. Zebaki inaikamata dhahabu, unakamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Kidonge hicho unakiweka juu ya mkaa. Zebaki inaruka na moshi, dhahabu inabaki. Wenzake wengine walichomea nje. Baba yako aliogopa macho ya watu, akachomea ndani, mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa kipande cha bati.

Kabula, dada yako, alizaliwa siku ya mvua, ndiyo maana ya jina lake. Nami nikawa Mama Kabula, jina ninaloitwa mpaka leo na watu wasiojua linavyonichoma. Miezi minne alilala kwapani mwangu na sikuona tabu yoyote. Tabu alikuwa baba yako. Duara likitoa alikunywa kwa furaha, lisipotoa alikunywa kwa huzuni, kwa hiyo siku ya kutokunywa haikuwepo. Alfajiri moja nilishtuka nikakuta mkono wake umemlalia mtoto usoni, mzito kama gogo, na mtoto anarusha miguu bila sauti. Nilipomchomoa midomo ilikuwa imebadilika rangi. Akalia, nami nikalia.

Siku hiyohiyo nilikwenda kliniki. Nesi akanisema sana. Mtu aliyelewa halali na mtoto mchanga, akasema. Mtafutie mahali pake, mlaze chali, usimjazie mito wala manguo, na pawe karibu nawe. Niliyashika yote isipokuwa hilo la mwisho.

Nikamwendea seremala mmoja pale machimboni. Alikuwa na mabaki ya matimba, zile nguzo wanazozuilia shimo lisiporomoke, akanitengenezea kitanda. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, lakini nilikipaka rangi nyeupe mwenyewe, na nilipokitazama niliiona Mwadui. Baba yako nilimbembeleza akatoa jiko lake la mkaa chumbani, ahamie kuchomea pembeni penye turubai. Alihama kweli, ila chupa ya zebaki iliendelea kukaa kwenye shimo dogo la ukutani, na siku za mvua alirudi kuchomea humo. Wakati huo mtoto huwa mgongoni kwangu, nikajiambia, akija kulala moshi umekwisha.

Sasa nimfikishe Mayu Holo. Alikuwa anaishi kibanda cha uani. Mrefu, mkavu, maneno machache, na macho mekundu kwa moshi wa mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe aliyopikia tangu usichana wake huko Kishapu, kusiko na kuni. Wakwe wengine husema kutwa nzima. Yeye alisema mara moja, akanyamaza. Asubuhi ile aliniona na kitanda changu, akaingia chumba cha pili, akaweka kiganja ukutani, akakinusa. Hakuna harufu. Akatoka.

"Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu, kama nami nilivyomwita mayu, mama, kwa Kisukuma chetu, "huyu kuku amepenya humu chini ya mlango akatamia mara mbili. Mara mbili mayai yote yametoka viza. Nimemhamishia kwangu, ametotoa kumi. Chumba kilichomshinda kuku hakimfai mtoto."

"Mayu, nimefagia. Nimekandika na ukuta upya."

"Nimeona. Kitanda ni kizuri. Kiweke ubavuni mwa kitanda chako, unyooshe mkono umguse. Mwanangu mlevi ndiye akalale humu na zebaki yake. Anayenuka pombe ndiye ahame, si anayenuka maziwa."

Mwanangu, mpaka leo sijasikia neno la hekima kuliko hilo, na siku hiyo lilinichefua. Nitakuambia kwa nini, maana aibu iliyokwisha kukomaa haina haja ya kufichwa. Niliogopa kumtoa mume kitandani. Machimboni wanawake walikuwa wengi na wazuri, wa kuuza chakula na wa kuuza vinginevyo. Niliona baba yako akilala chumba cha pili leo, kesho analala nyumba ya pili. Kwa hiyo nilipima kati ya mume na mtoto nani ahamie kwenye sumu, na nikampeleka asiyeweza kukataa.

Lakini hilo sikujiambia. Nilichukua neno moja tu kati ya maneno yake yote, viza. Amemwita mwanangu viza, nikasema moyoni. Yai bovu! Na mdomoni nikamjibu, "Mayu, huyu ni mtoto, si kifaranga."

Akamhamishia kuku kwapa la pili, akaenda zake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tulikaririshwa shuleni. Walimu wetu hawakutuambia kwamba guu linaweza kuvunjika la mtu mwingine.

Kabula akalala kitandani kwake. Siku za kwanza alilia, akazoea, na mimi nikawa natembea machimboni kichwa juu, mke mwenye mtoto wa chumba chake. Baada ya muda akaanza kutokwa jasho kama mtu anayelima. Akakataa ziwa. Viganja na nyayo vikawa vyekundu, kisha ngozi ikaanza kuchubuka vipandevipande. Usingizi ukamwisha. Nikimketisha anaanguka, na vidole vinatetemeka kama vya mzee. Nikarudi kliniki. Nesi yuleyule akampima, akanipa dawa ya ngozi na barua ya kumpeleka hospitali kubwa, akaniuliza, "Huyu analala wapi sasa?"

Nikajibu kwa fahari, "Ana kitanda chake mwenyewe."

"Umefanya vizuri sana, Mama Kabula," akasema.

Kwamba kitanda chenyewe kimesimama ndani ya jiko la zebaki, sikusema. Barua ile nayo sikuipeleka nilikoambiwa. Nilikwenda kwa mganga. Mganga hakumtaja mtu, mwanangu, na hili ulishike, kwa sababu watu wakishaharibu hupenda kumtwika mganga. Aliniuliza tu, "Nani alimtamkia mtoto neno baya?" Jina nililitoa mimi. Nilisimulia kuku, nikasimulia viza, na mwisho, bila kuulizwa, nikaongeza, "Na macho yake ni mekundu."

Wewe umezaliwa huku, unajua maneno hayo yana uzito gani kwetu. Bibi kizee akitajwa macho mekundu, ameshahukumiwa kuwa mchawi. Wako waliokatwa mapanga kwa maneno mepesi kuliko hayo. Nami niliyajua hayo nilipokuwa natamka. Kesho yake nikayarudia bombani, ndoo yangu ikijaa, mbele ya wanawake sita. Neno likitoka halirudi, na lile langu halikutaka hata kupumzika.

Jumapili asubuhi vijana wa mtaa wakaja uani, kama kumi na watano hivi, mawe mikononi. Hawakumpiga. Walisimama tu wakamwambia awe ameondoka kabla jua halijafika utosini, likipita, wao wasiulizwe kwa lolote litakalotokea. Mayu Holo hakubishana. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akawaachia watoto wa jirani kuku wote, akatoka. Baba yako alikuwa ameketi kizingitini anafunga kamba za viatu. Alizifunga kwa muda mrefu sana, mwanangu, na mama yake akampita pale.

Mimi nilisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Nilitegemea atanilaani, na ningefurahi, maana ningepata ushahidi. Aliposogea karibu, alisema kwa sauti ndogo, "Ng'wanone, mtoe mtoto mle ndani."

Hakujiombea yeye. Akaenda kwa kaka yake Songwa, Kishapu, na mimi nikamrudisha mtoto kulala mlemle, tena kwa ukaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyekataza.

Mwezi mmoja baadaye mvua kubwa ikaangusha ukuta wa chumba cha pili. Kitanda kikabidi kihamie ubavuni mwa kitanda changu, palepale alipopaonyesha. Na ndani ya wiki chache Kabula akaanza kunyonya. Ngozi ikarudi. Jasho likakata. Sasa sikia uchungu wa dunia. Majirani wakaja kunipongeza, wakasema, "Umeona? Mchawi kaondoka, mtoto kapona." Nami nikawaitikia, "Nimeona."

Hakupona. Unamjua dada yako. Ana miaka inayotosha kuwa na watoto wanne, na kikombe cha chai hawezi kukifikisha mdomoni bila mimi kukishika chini. Maneno yake yanatoka moja moja, na wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unamcheka, nikakuchapa, nikakuambia ni homa ya utotoni. Nilidanganya. Na niliposema bibi yako alirudi kwao kwa uzee, nilidanganya pia.

Baba yako naye unajua alivyoondoka. Wewe ukiwa tumboni, ikasikika rashi mpya, yaani watu wamekimbilia dhahabu iliyogunduliwa mahali fulani, akaifuata pamoja na mama mmoja aliyekuwa anauza supu. Kitanda nilichomlindia kwa gharama ya mtoto alikiacha bila hata kukitandika. Najicheka wakati mwingine, ila si kicheko kizuri.

Kabula alipofikisha miaka sita alikuja afisa afya, akatukusanya chini ya turubai kutufundisha habari za zebaki. Nilikaa mbele, Kabula mapajani, nikimenya karanga. Akasema moshi wake hauonekani vizuri wala haunuki. Akasema unaingia kwenye udongo wa ukuta na sakafu, na hata moto ukizimwa chumba kinaendelea kuutoa polepole. Kufagia hakuutoi, kukandika hakuutoi. Akasema watoto ndio huumia zaidi, mikono na miguu huwa myekundu ikachubuka, wakatokwa jasho, wakatetemeka. Karanga zikanidondoka. Kijana yule msomi alikuwa anasema kwa makaratasi jambo ambalo bibi kizee alilisema kwa mayai.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu yalikuwa yameketi mapajani kwangu, yanatetemeka.

Wiki ileile nilikuacha kwa jirani, nikapanda basi na Kabula mpaka Songwa. Tulimkuta Mayu Holo amekaa mkekani uani kwa kaka yake, anakata viazi vitamu vya kukausha michembe. Amekonda, macho ni yaleyale mekundu, kisu hakitulii. Nikapiga magoti kama tunavyofundishwa.

"Shikamoo, mayu."

Kisu kikaendelea kukata. Nikadhani masikio yamezeeka, nikarudia kwa sauti. Akakata kiazi, akakipanga, akachukua kingine. Ndipo Kabula, kwa ule ulimi wake mzito, akasema, "Shi-ka-moo, bi-bi."

Kisu kikawekwa chini. "Marahaba, mjukuu wangu, marahaba," akasema, akamvuta. Akavitazama viganja vyake, juu na chini, kama mtu anayesoma. Akavikumbatia ndani ya viganja vyake mwenyewe, akavishika hivyo, akavishika, mpaka vikatulia. Sijawahi kuviona vimetulia vile, kabla wala baada.

Niliomba msamaha, mwanangu. Nilisema yote, hata bombani, hata wanawake sita. Nililia mpaka mke wa kaka yake akaja kuninyanyua, magoti yamekufa ganzi. Mayu Holo hakunitukana wala hakunifukuza. Alimpa mtoto michembe kwenye mfuko, akamwambia aje tena. Mimi hakuniambia kitu. Nilisema nitarudi mavuno yakiisha, nikimletea kuku wa kutamia, mawazo ya kijinga ya mtu mwenye hatia. Kabla ya mavuno alikuwa amekwisha kuzikwa, na habari nilizipata sokoni.

Shikamoo yangu ile haijaitikiwa mpaka leo.

Basi haya ndiyo ninayokuachia, Minza. Mtoto kuhama kitandani mwenu si kosa, na kitanda hakina kosa. Wakati ukifika ahame, tena kwa furaha, na usiku wa kwanza akilia usidhani umemtupa. Lakini mkono wako umfikie. Mlaze chali, godoro gumu, chandarua kizima, pasiwe na mito wala midoli ya kumfunika pua. Mumeo akirudi amekunywa, yeye ndiye atafute pa kulala, na kama atakimbilia kwa mwingine kwa sababu hiyo, basi alikuwa amekwisha kwenda, ulikuwa hujajulishwa tu. Chumba kilichokaa sumu hakiponi kwa rangi. Rangi ni pazia la bata. Kifanyeni cha majembe, kwa mtoto hapana, hata mkifagia mara mia.

Na mtoto akiugua, mwanangu, uliza kwanza analala wapi, kabla hujauliza nani anamchukia. Kauli hii ningeijua mapema, bibi yako angezeekea kwenye kibanda chake na dada yako angekuwa anashika kikombe.

Mama mkwe wako naye macho yake ni mekundu. Nimeyaona siku ya harusi, nikageuka kando nikalia, mkadhani ni furaha. Akisema neno usilolipenda, usilichukue lile linalouma peke yake ukaliacha la dawa. Leo jioni nenda ukamuulize kitanda kiwekwe wapi. Ukikaidi nitakuja mwenyewe Jumamosi na kuku wa kutamia, nimfungie katika chumba hicho, tusubiri wote.

Mungu amkuze mjukuu wangu, mikono yake iwe mitulivu, ashike kalamu, ashike jembe, ashike kikombe chake mwenyewe. Nyumba yako isikose mtu mzima wa kukukemea, na wewe usikose masikio. Na kila utakapopiga goti kumwamkia mkubwa wako, mwanangu, nakuombea neno moja tu ambalo mimi nimelikosa. Uitikiwe.